Ndege mbili, watu wanane? Hesabu ya mjomba na hesabu ya zamu

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni msichana wa miaka 22, naishi Kisauni. Nataka kusomea uhudumu wa ndege na ada nimeanza kuidunduliza. Nasikia kuna kampuni ndogo ya nauli nafuu inataka kuanza safari kutoka hapa Mombasa na ndege mbili. Mjomba wangu ana matatu yake, na ananikataza kabisa nisitoe hata shilingi. Anasema ndege ina marubani wawili na wahudumu wawili, mara mbili ni watu wanane, na hao wanane wameshapatikana kwa kujuana. Je, anasema kweli? Kampuni ya bei rahisi inahitaji wafanyakazi wangapi kwa kila ndege?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjomba wako amewahesabu watu walio ndani ya ndege. Mimi nilikaa miaka 19 kwenye dawati la kupanga zamu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwahesabu walio nje: aliyelala, aliye likizo, aliye darasani, anayeumwa, na yule aliyeko kwake Mtwapa, sare imepigwa pasi, anasubiri simu ambayo huenda isilie. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye dawati lile, asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na lake kubwa. Ukiwajumlisha wote, wale wanane wa mjomba wanafika 40, na pengine wakazidi.

Nianze na walio ndani, maana hapo mjomba hakukosea sana. Marubani ni wawili, kapteni kiti cha kushoto na msaidizi wake kulia. Zamani alikuwepo na wa tatu nyuma yao, mhandisi wa kuangalia mitambo, lakini ndege zilizotoka miaka ya 1980 zilimwondoa. Kampuni iwe tajiri au ya bei ya mboga, hapo hakuna cha kupunguza.

Wahudumu ndio wenye hesabu. Kanuni inayotumika Ulaya na Marekani, na ndiyo tuliyopangia sisi, ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na salio lolote linadai mtu wake. Angalia vizuri: nimesema viti, sikusema abiria. Dash 8 Q400, ile ya mapanga ambayo Jambojet wanaitumia, ina viti 78, kwa hiyo ni wahudumu wawili hata siku iliyopanda watu 30. Boeing 737-800 ya Ryanair ina viti 189, wahudumu wanne. Airbus A321neo ya Wizz Air ina viti 239, watano. Viti 150 ni watu watatu. Ongeza kiti kimoja tu, ni watu wanne.

Kiti hicho kimoja kina thamani kuliko unavyodhani. Mwaka 2022 easyJet ya Uingereza ilikuwa na ndege za A319 zenye viti 156, na wahudumu walikuwa hawatoshi. Wakaing'oa safu ya mwisho, viti sita, vikabaki 150, na ndege zikaruka na wahudumu watatu badala ya wanne. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu sebuleni. Mtu wa kawaida anaona kampuni imetupa nauli za abiria sita. Mpanga zamu anaona mtu mmoja mzima amepatikana kwa kila safari ya kila siku, na huyo mmoja, kama nitakavyokuonyesha, kwenye daftari la mishahara ni kama watano.

Kabla sijaliacha hilo, usije ukadhani kanuni hii imewekwa kwa ajili ya kugawa maji na karanga. Mhudumu yupo kwa ajili ya mlango. Ndege ya abiria haipewi kibali mpaka ionyeshwe kwamba watu wake wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango imefungwa. Tarehe 2 Januari 2024, pale Haneda, Tokyo, A350 ya Japan Airlines iligongana na ndege nyingine kwenye njia ya kurukia, ikawaka moto. Milango iliyofaa kutumika ilikuwa mitatu kati ya minane. Ndani walikuwa watu 379, wahudumu wakiwa tisa, na wote wakatoka hai. Karanga hazikuwa na kazi siku ile.

Sasa tutoke nje ya ndege.

Wewe ni mtu wa Kisauni, matatu unazijua. Muulize mjomba wako kama gari lake linaendeshwa na dereva mmoja tangu alfajiri mpaka usiku, Januari mpaka Desemba. Atakwambia la, ana skwodi, anayeshika usukani mwenyewe akipumzika au akienda kula. Basi mjomba mwenyewe, kwa gari moja la viti 14, analipa zaidi ya dereva mmoja. Tofauti ni kwamba kwenye matatu skwodi ni mapatano ya mdomo pale stejini, na kwenye ndege ni sheria.

Chukua siku moja ya ndege moja. Tuseme ni Q400 iliyolala hapa uwanja wa Moi. Inaondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Nairobi. Ukihesabu tangu kabari zitolewe magurudumuni mpaka zirudishwe, weka saa moja. Nusu saa ya kushusha, kupandisha na kufagia, halafu inarudi. Kwa mwendo huo, safari kumi, tano za kwenda na tano za kurudi, zinamalizika saa mbili na nusu usiku. Ni saa 10 za kuruka kwa siku, kiasi ambacho mwenye kampuni ya nauli nafuu anakifurahia, kwa sababu ndege iliyosimama inalipiwa vilevile na haiingizi senti.

Je, kikosi kimoja kinaweza kuifanya siku hiyo yote? Marubani hufika saa moja kabla, yaani saa kumi na moja alfajiri. Mpaka saa mbili na nusu usiku ni saa 15 na nusu. Nitakupa kanuni za Ulaya kwa kuwa zimeandikwa kwa jedwali linalosomeka. Hapa kwetu msimamizi ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na mantiki ni hiyo hiyo. Aliyeripoti saa kumi na moja alfajiri anaruhusiwa saa 12 za kazi kama ana safari moja au mbili. Kila safari inayozidi hapo inamkata nusu saa, kwa sababu kupaa na kutua ndiko kunakochosha, kukaa angani hakuchoshi hivyo. Akiwa na safari sita, kikomo chake ni saa 10. Kwa hiyo siku unaikata vipande viwili. Kikosi cha asubuhi kinafanya safari sita na kutua Mombasa saa nane na nusu mchana. Cha mchana kinaondoka saa tisa na kumaliza nne zilizobaki.

Hebu kipige hesabu kile cha asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nane na nusu mchana ni saa 9 na nusu. Kikomo ni 10. Nafasi ya kupumulia ni nusu saa tu, kwa siku nzima.

Nikuhadithie ilivyo nusu saa hiyo inapotoweka. Desemba moja, kwenye kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi, mhudumu mmoja alitoka kwake vizuri kabisa, tuktuk ikapasukiwa gurudumu Magongo, gizani, na mvua inanyesha. Akanipigia. Wahudumu walitakiwa wawili na aliyepo uwanjani ni mmoja. Abiria walikuwa wameshapita ukaguzi. Nikampigia wa akiba. Alikuwa Mtwapa, tayari, sare mwilini, hana kosa lolote, lakini kutoka Mtwapa mpaka uwanjani ni kuvuka daraja la Nyali, kukata mji, kupita Kibarani na kuingia foleni ya malori ya bandarini. Ndege ikaondoka imechelewa dakika 50.

Dakika 50 si kitu, abiria walinuna kidogo wakasahau. Lakini mimi nilikuwa nimeshaitazama saa. Mchana kapteni akapiga simu kutoka Nairobi: safari ya sita ingemtoa nje ya kikomo. Kisheria kapteni anaweza kujiongezea muda, kwa kanuni za Ulaya hata saa mbili, lakini ni kwa hiari yake yeye, akijipima mwenyewe. Akasema ameamka saa tisa usiku na hajihisi vizuri, haongezi. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Basi ndege iko Nairobi, abiria wake wako Nairobi, na kikosi cha mchana kimekaa Mombasa kinakunywa chai. Nikawakatia tiketi kwenye ndege ya watu wengine, wakaenda kama abiria, wakaichukua ndege yetu. Siku hiyo tuliimaliza karibu na saa sita za usiku, kwa sababu ya gurudumu la tuktuk.

Tangu siku hiyo nilikoma kuuliza nina watu wangapi wa akiba. Nikawa nauliza wanakaa wapi.

Turudi kwenye hesabu yako. Vikosi viwili kwa siku, siku 365, ni zamu 730 kwa mwaka kwa kila kiti cha kazi: zamu 730 za kapteni, 730 za msaidizi, na kadhalika. Mtu mmoja anaweza kuzifanya ngapi? Toa siku mbili za mapumziko kila wiki, 104, zinabaki 261. Toa siku 21 za likizo zilizo kwenye sheria yetu ya ajira ya mwaka 2007, zinabaki 240. Toa kama 10 za mafunzo na vipimo: rubani lazima apimwe mara mbili kwa mwaka, na mara nyingi ni kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza ndege, na mhudumu anarudi darasani kila mwaka kufungua milango, kuzima moto na kujifunza upya anayoyajua. Toa nane za homa, misiba na dharura. Umebaki na 222. Katika hizo, siku moja kati ya tano mweke akiba. Zimebaki kama 178.

Gawanya 730 kwa 178. Ni 4 na chembe.

Hiyo ni hesabu ya karatasi, ya kampuni ambayo hakuna anayeacha kazi, hakuna anayepandishwa cheo, na hakuna anayepata mimba. Sheria inampa mama miezi mitatu ya uzazi na mshahara wake wote, lakini kwenye kazi hii mashirika mengi humshusha mhudumu chini pale pale anapotangaza ujauzito, kwa hiyo pengo linakaribia mwaka. Baadhi ya marubani nao ni nusu mtu kwenye daftari langu: mkuu wa marubani, mkuu wa mafunzo, msimamizi wa usalama. Wanahesabiwa kama makapteni, ila nusu ya wiki wako mezani wanajibu barua. Ukiyaweka hayo yote unafika vikosi vitano kwa ndege. Kwa Q400, vitano mara watu wanne ni 20. Kwa ndege mbili ni 40. Mjomba alisema wanane.

Kwa ndege kubwa za injini ya jeti unafika hapo hapo kwa njia nyingine. Ndege ya nauli nafuu inayofanya kazi sana inakaa angani kama saa 12 kwa siku, saa 4,380 kwa mwaka. Rubani wa Ulaya haruhusiwi kuzidi saa 900 za kuruka katika mwaka wa kalenda, wala 100 katika siku 28. Kwa kuwa hakuna anayeweza kupangwa mpaka tone la mwisho, weka 800. Jibu ni vikosi vitano na nusu. Kwa 737 ya viti 189, kikosi ni watu sita, basi utapata kati ya 30 na 36 kwa kila ndege.

Wanafunzi niliowafundisha walikuwa wakinaswa hapa. Wanaiona 900, wanagawanya, wanafurahi. Kwenye safari fupi kama za kwetu, 900 huifikii kwa urahisi. Rubani wa Mombasa–Nairobi anaruka saa sita lakini amekuwa kazini karibu saa kumi. Kinachomfunga ni saa za kazini, ambazo kwa Ulaya ni 60 ndani ya siku saba na 190 ndani ya siku 28, si saa za kuruka. Anayekwenda London kwa mruko mmoja wa usiku anazila saa za kuruka haraka. Wetu anakula saa akiwa chini, kwenye joto la lami, akisubiri mzee wa mwisho apande ngazi na kikapu chake cha maembe.

Pengine sasa unajiuliza: kama mambo ni haya, bei rahisi inatoka wapi? Haitoki kwenye kuvunja kanuni ya viti 50, wala kwenye kumnyima mtu usingizi, angalau kwa kampuni inayotaka kubaki na cheti chake. Inatoka kwenye mambo yanayozunguka namba hiyo. Kampuni ya huduma kamili inaweza kumwongeza mhudumu wa tano au wa sita kwenye 737 ili chakula kitoke haraka. Ya nauli nafuu inabaki na wanne wa sheria. Wahudumu wale wale ndio wanaookota chupa na kupanga mikanda ndege ikigeuka, ndiyo maana Ryanair wanaweza kuigeuza ndege ndani ya dakika 25. Southwest ya Marekani mwaka 1972 iliishiwa pesa ikauza ndege moja kati ya nne, na ratiba ya ndege nne ikaendelea kufanywa na tatu kwa kuzigeuza kwa dakika kumi. Aina ya ndege ni moja, ili rubani yeyote amkalie nafasi mwenzake. Kampuni ndogo yenye aina mbili za ndege ina akiba mbili zisizosaidiana, na hiyo niliiona ikiitafuna kampuni taratibu kama mchwa. Tena jioni kila mtu anarudi kulala kwake.

Huko kulala kwake ndiko kwenye jibu lako wewe hasa, na ndipo alipopita mjomba bila kupaona. Ndege ikilala Mombasa, wafanyakazi wake wanakaa Mombasa. Ikilala Nairobi na kuja hapa kutembea tu, hao 20 wote ni watu wa Nairobi, na Mombasa inapata wa kubeba mizigo na wa kaunta. Njia ya katikati, ndege kulala hapa na watu kuletwa kutoka Nairobi, ni angalau vyumba vinne vya hoteli kila usiku, yaani vyumba 1,460 kwa mwaka au zaidi, na gari la kuwapeleka na kuwarudisha. Mwenye kampuni ya nauli nafuu akishaiona bili hiyo mara mbili tatu, anatafuta watu wanaokaa Changamwe, jirani na uwanja.

Kwa kampuni ya ndege mbili, kuna jambo zaidi. Nimekupa vikosi vitano kwa ndege, lakini hiyo ni kwa aliye na ndege kadhaa. Akiba haigawanyiki. Mwenye ndege moja anahitaji kapteni wa akiba asubuhi na mwingine mchana; mwenye ndege tano anaweza kutosheka na wale wale wawili. Kwa hiyo kampuni ndogo, mtu kwa ndege, inabeba watu wengi kuliko kubwa, na hapo ndipo nyingi zinapobanwa. Hazikosi abiria, hasa Desemba na Agosti watu wakiteremka pwani. Zinaanza na vikosi vitatu na nusu kwa matumaini kwamba hakuna atakayeugua, na mwezi wa nne tangu zianze kuruka unaanza kusoma kwenye ubao wa uwanjani kwamba ndege imeahirishwa "kwa sababu za kiutendaji". Ukiyaona maneno hayo, mara nyingi ujue kuna mtu amelala kwake kwa haki yake na hakuna wa kumkalia.

Na wakubwa nao huumbuka. Septemba 2017 Ryanair, kampuni yenye mamia ya ndege na marubani kwa maelfu, ilitangaza kufuta safari zaidi ya 2,000 ndani ya wiki chache. Ndege zilikuwepo, na marubani walikuwepo pia, ila mwaka wa kuhesabia likizo ulikuwa unabadilishwa kuwa Januari hadi Desemba, likizo zikarundikana mwishoni mwa mwaka, na waliobaki kazini hawakutosha. Nilimwonyesha habari hiyo kijana aliyenirithi dawati. Aliisoma, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la fomu za likizo.

Sasa kuhusu ada yako. Kati ya hao 40, wahudumu ni 20, si wanne. Na hao 20 hawakai milele. Wengine wanapata kazi za kampuni za Ghuba zenye mshahara mzito, wengine wanaolewa na kuhama, wengine wanachoshwa na kuamka saa tisa. Kila mwaka kuna nafasi zinazofunguka, hata ndege zisipoongezeka. Kwa hivyo mjomba amekosea kwa namba, ila kwa hofu yake ya kujuana siwezi kumbishia. Ninachoweza kukwambia ni kwamba kampuni inayoanza na watu 40 wenye vyeti haiwezi kuwajaza wote kwa mashemeji.

Lakini usilipe kesho. Cheti cha chuo hakikupandishi ndegeni. Kampuni yenyewe lazima ikufundishe kwenye aina ya ndege yake, milango yake, vizima-moto vyake, na ikupime. Chuo kinakupa msingi, basi. Kwa hiyo chuo kinachokuahidi kazi usikiamini, na kampuni inayokutoza pesa ili ikuite kwenye usaili ikimbie. Kabla ya kulipa ada kubwa, fanya vipimo vya afya vya kazi hiyo, kwa sababu nimeona wasichana wawili wamemaliza masomo ndipo wakagundua masikio yao hayakubali. Na kama hujui kuogelea, anza. Kwenye mafunzo kuna zoezi la majini na boya, na utashangaa ni watoto wangapi wa pwani tunaozaliwa mita chache kutoka baharini na tunaogopa maji kuliko watu wa bara.

Siku utakayoitwa, usiulize wanaajiri wangapi, maana watakutajia namba yoyote. Uliza ndege zinalala wapi. Wakisema Mombasa, uliza wa akiba anatakiwa afike uwanjani ndani ya dakika ngapi. Wakisema 60, anza kutafuta chumba Magongo au Chaani, kwa sababu kutoka Kisauni asubuhi, na foleni ya daraja la Nyali, hutafika. Wakisema ndege zinalala Nairobi, chukua kalamu upige hesabu ya kodi ya chumba Embakasi, karibu na uwanja wa Nairobi, kabla hujatia sahihi.